Kwadi ya Marehemu Muindi

Jumapili, 8 Septemba

Leo baada ya ibada akina mama wa chama tumekata shauri: mlima huu utapata mashine yake ya kubebea wagonjwa kabla ya mvua. Si pikipiki ya kawaida. Tunataka ile ya magurudumu manne inayoitwa kwadi, yenye nguvu ya kuvuta tela ndogo ya godoro. Mpya hatuiwezi, kwa hiyo ni mtumba. Nimechaguliwa kwenda kuitafuta pamoja na Musembi wa boda boda, kwa sababu Musembi anajua injini na mimi najua kubishana. Hayo ni maneno ya Mchungaji Kiema, na kanisa zima likacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Hakuna aliyetaja jina la Nduku. Novemba iliyopita tulimteremsha mdogo wangu juu ya kitanda, wanaume wakipokezana, njia yote utelezi, mtoto amekwama tumboni. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Kila tulipopita kona aliniuliza, "Tumefika lami?" Nikamjibu, "Karibu." Tulipofika lami alikuwa ameacha kuuliza.

Sasa binti yangu Mutindi ana mimba, na siku zake zinaangukia mwanzo wa Desemba, mvua ikiwa imekolea. Mume wake yuko kazini Mombasa. Mutindi anasema atateremka mapema akae kwa shangazi yake mjini Wote. Nduku naye alikuwa na mipango yake mizuri. Nataka mashine hiyo iwe hapa juu, na sitalala vizuri mpaka iwe hapa.

Jumamosi, 14 Septemba

Mutomo. Jua la kule halina adabu. Mwenye kwadi ni bwana mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, aliyeinunua kwa mkandarasi wa barabara aliyefunga kambi. Ameipaka rangi ya kijani inayong'aa mpaka macho yanauma. Kitu cha kwanza Musembi alichofanya ni kuweka kiganja kwenye injini.

"Iko moto," akasema.

"Nimeiwasha kidogo muione ikiunguruma," bwana akajibu.

"Sisi tulitaka kuiona ikiamka."

Musembi akalala chini chali, akaingia uvunguni, akatoka na vumbi nywele zote. Chesi, ule mfupa wa chuma unaobeba mashine yote, imevunjika na kuchomelewa mahali pawili, na rangi ya kijani imewekwa kufunika. Tairi zimeliwa na mchanga mpaka hazina meno.

"Mwaitu, mama yangu, hii ilikuwa mashine ya mzungu," bwana akaniambia.

"Na mzungu yuko wapi?"

Hakunipenda. Tumerudi mikono mitupu na mgongo unauma.

Jumanne, 17 Septemba

Jua. Mutindi anakula udongo, eti anasikia hamu. Nimemficha kikapu cha udongo huo.

Alhamisi, 26 Septemba

Tulielekezwa Kathonzweni, kwa mama mmoja anaitwa Syokau. Si mzee, nafikiri hajafika arobaini. Alitukaribisha chai kwanza, ndipo akatupeleka kwenye banda la nyuma na kuondoa magunia yaliyofunika. Kwadi nyekundu, kubwa, vumbi juu yake. Nilimwona Musembi akimeza mate.

Akagusa injini, baridi. Akajaribu mara moja ikakohoa, mara ya pili ikawaka, na moshi ukatoka mweupe kidogo kisha ukaisha. Akatikisa kila gurudumu kusikiliza beringi. Akapima meno ya tairi kwa kidole. Akaniambia ina gia ya chini kabisa, ile ya kupanda mlima na mzigo, na ina gia ya kurudi nyuma, na chesi yake haijaguswa na fundi wa kuchomelea. Halafu akaipeleka juu ya kilima cha nyuma ya boma akateremka nayo kwa kasi, akakamata breki. Ilisimama pale pale, mawe madogo yakaruka.

"Mama Mutindi," akaninong'oneza, "hii tukiiacha sisi ni wajinga."

Nikamuuliza Syokau kwa nini anauza.

"Mume wangu alikufa nayo," akasema. "Muindi. Alikuwa anateremka kwa mto, pale kwa ukingo, na hakusimama. Ikamwangukia. Sikufichi, mwaitu. Mwenye kuichukua aichukue akijua."

Musembi aliondoa mkono wake kwenye usukani, polepole.

"Kuna kitu kilikuwa kimeharibika?" nikauliza.

"Fundi aliifungua yote. Alibadilisha breki, zile za zamani akatupa, akasema haoni ubaya mwingine. Tangu hapo imelala tu. Watoto wanaogopa kuingia hapa. Mimi nikiingia huwa naisalimia."

Alisema hivyo bila aibu. Nikaiangalia ile mashine na nikasikia baridi mabegani, na jua la Kathonzweni likiwa juu ya kichwa. Nikafikiria kitanda, kona moja baada ya nyingine. Nikasema tunaichukua.

Njiani nilimwambia Musembi, "Habari ya Muindi inabaki mimi na wewe."

"Mimi si mtu wa maneno," akasema. Ana mke ambaye ni redio.

Jumapili, 29 Septemba

Mlima wote ulikuja kuiona. Imefungwa tela nyuma, na godoro jipya limeshonewa nailoni.

Mchungaji aliiombea nje ya kanisa kama tunavyoombea kila kitu cha magurudumu. Alikuja na chupa ya mafuta ya upako, yale ya kunukia aliyoyatoa mkutanoni Nairobi. Akapaka usukani, kiti, tela. Mimi nilikuwa na sababu ya kutaka maombi mengi kuliko wenzangu, basi nikasema, "Mchungaji, na magurudumu. Si ndiyo yatakayombeba mtu?"

"Mama amesema kweli," akajibu, akapiga magoti na suti yake, akamimina mafuta kiganjani na kuyasugua kwenye kila gurudumu, mpaka ndani kwenye chuma.

Musembi alitoa kitambaa afute usukani kwa sababu ulikuwa unateleza. Mzee mmoja wa kanisa akamshika mkono. "Upako haufutwi, kijana." Musembi akarudisha kitambaa mfukoni na kucheka.

Alhamisi, 3 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaenda zake Machakos.

Jumatatu, 7 Oktoba

Musembi alikuja na uso ambao sikuupenda. Anasema breki inashika, halafu inaachilia, bila sababu. Ameikaza. Ikashika kidogo, ikaachilia tena, kwenye mteremko ule ule.

"Kathonzweni ilisimama vizuri," nikamwambia.

"Kathonzweni ilikuwa kwao, Mama Mutindi. Labda haikutaka kuja."

Nilimwambia aache upuuzi. Alipoondoka nikakaa nimeshika mwiko, na sufuria ikaungua.

Jumapili, 13 Oktoba

Redio ya Musembi imetangaza. Mlima wote unajua kwamba kwadi iliua mtu. Wanawake niliokula nao kiapo cha chama hawakukaa benchi langu leo. Mchungaji aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kukemewa.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Kwa sababu mngeikataa, na mimi nina binti."

Mchungaji akasema kama kuna kitu kimeifuata kutoka kule, kitaondolewa. Tuliiombea tena, maombi marefu, watu wakipiga makofi na wengine wakilia. Safari hii aliyamimina mafuta ya upako. Yalitiririka kwenye magurudumu mpaka mchanga ukalowa.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua ya kwanza! Harufu ya udongo. Mutindi alisimama mlangoni amefungua kinywa kama mtoto.

Alhamisi, 24 Oktoba

Musembi ameanguka.

Alikuwa anateremka na tela tupu, hakuna mtu ndani yake. Ni kona ile ya kwa Nduku, mahali ambapo wanaume walitua kitanda kupumzika. Alikamata breki, anasema, na ilikuwa kama kukamata hewa. Aliielekeza ukingoni ikagonga udongo, yeye akatupwa kwenye maharagwe ya watu. Mfupa wa bega umevunjika. Kwadi haijapata hata alama.

Nilienda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye kitambaa.

"Kuna mtu alikuwa ananisukuma nyuma, mwaitu. Mimi si mwoga, unanijua. Nilisikia uzito wake."

"Tela ilikuwa tupu."

"Ndiyo nakuambia."

Wanaume wameivuta kwa kamba mpaka nyuma ya kanisa na kuifunika turubali. Hakuna anayetaka kuishika. Nilipita pale nikirudi, mchana kweupe, mvua ndogo inanyesha, na nikasikia sauti ikiuliza kama tumefika lami. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosikia. Nilijibu "karibu" kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa anachota maji akageuka kuniangalia.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 3 Novemba

Watu wamefunga kula. Wazee wawili wanataka ichomwe moto. Mchungaji alikataa, akasema tuiombee mara moja zaidi, na aliizunguka akiimba, akamimina chupa nzima kwenye kila gurudumu, nje na ndani. Baadaye kijana mmoja jasiri aliiwasha, akaisogeza kwenye mteremko mdogo wa uwanja. Haikusimama mpaka ilipogonga mwembe ulio karibu na choo. Akaruka na kukimbia, watu nao wakakimbia. Nilibaki mimi na mchungaji. Alikuwa anaangalia chupa tupu mkononi mwake.

Ninaanza kumchukia Muindi, mtu ambaye sikuwahi kumwona. Nimemwambia hivyo kichwani: una watoto, unajua mtoto ni nini, tuachie njia.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua, mvua. Boda hazipandi tena. Anayetaka sukari anateremka kwa miguu, na akirudi ni udongo mtupu.

Alhamisi, 14 Novemba

Miguu ya Mutindi imevimba mpaka kidole kinaacha shimo. Mhudumu wa afya wa kijiji amempima presha, akasema asingoje mwisho wa mwezi, ateremke hospitali wiki hii. Ateremke kwa kitu gani? Hawezi kutembea mpaka chooni bila kushika ukuta.

"Wanaume wanaweza kunibeba, mama," akasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitanda."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Afadhali anione nimelowa kuliko anione ninalia.

Jumanne, 19 Novemba

Naandika polepole, nisiharibu.

Mvua ilikatika asubuhi. Nikaenda nyuma ya kanisa na ndoo na kitambaa, kusafisha tela. Nilikuwa nimeamua tutaitoa kwenye kwadi na kuivuta kwa mikono, Mutindi akiwa ndani. Niliogopa kuingia chini ya turubali ile, sikatai. Nilisema, "Muindi, ninachukua tela tu."

Nikainama, nikaegemea gurudumu la mbele nisianguke. Mkono ukateleza ukaingia ndani, kwenye kile chuma cha mviringo ambacho breki hukibana. Ukateleza tena. Nikautazama mkono. Nimepika chapati za harusi na matanga tangu nikiwa msichana, ninajua kitu kinachoteleza kwa maji na kitu kinachoteleza kwa mafuta. Nikanusa. Ilikuwa ni ile chupa ya mchungaji, harufu yake yote, wiki za mvua hazikuiondoa.

Kathonzweni ilisimama. Tukaiombea, ikaanza kuteleza. Tukaiombea zaidi, Musembi akavunjika bega. Tukafunga kula, tukaimwagia chupa nzima, haikusimama kabisa.

Na ni mimi niliyesema, "Mchungaji, na magurudumu."

Nilikaa chini pale kwenye matope. Sijui kwa muda gani.

Halafu nikaenda kumtoa Musembi kitandani. Alikuja na mkono wake kwenye kitambaa, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye chuma, akanusa. Hakuniangalia.

"Nilifikiria," akasema.

"Ulifikiria na ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani, mwaitu? Kwamba upako ndio unatuangusha? Ningekaa mlima gani?"

Aliniongoza kwa mdomo na mimi nikafanya kwa mikono. Nilifungua nati, nikatoa pedi za breki, zimelowa mafuta kama mandazi. Nikaosha vyuma kwa petroli, nikaosha tena kwa sabuni ya unga na maji moto, nikasugua kwa msasa. Pedi zile hazifai tena, akampigia mwenzake simu alete mpya kutoka Wote, apande nazo kwa miguu.

Kisha nikaenda kwa mchungaji nikamwambia. Nilidhani atakasirika. Alikaa kwenye kiti akatazama viganja vyake.

"Mara zote tatu?" akauliza.

"Zote."

"Na bega la Musembi."

"Ndiyo, mchungaji."

"Nitasema mwenyewe Jumapili," akasema. "Mbele ya watu wote."

Nimemkemea mtu huyu mara nyingi kwenye kurasa hizi za mwaka huu, lakini leo nilimheshimu.

Alhamisi, 21 Novemba

Pedi zimefika na kufungwa. Musembi aliiendesha kwa mkono mmoja uwanjani, nami nikimpigia kelele. Ikasimama. Akarudia kwenye mteremko. Ikasimama.

Ijumaa, 22 Novemba

Uchungu ulimshika Mutindi alfajiri, kabla ya siku zake. Kulipopambazuka mvua ilikuwa inamwagika. Musembi aliendesha, bega lake likiwa limefungwa na leso yangu, meno yameumana. Mchungaji Kiema alishika kamba nyuma ya tela na kuteremka kwa miguu akiivuta isisukume, akapoteza kiatu kimoja kisha kingine. Mimi nilikaa ndani ya tela nimempakata binti yangu kichwa.

Hakuna mtu mwingine aliyekuja. Walisimama kwenye milango yao. Kwenye kona ya kwa Nduku Musembi alikamata breki na nilifumba macho. Ikashika. Ikateremka pole pole, kwa ile gia ya chini, ikinguruma, udongo ukiporomoka pembeni, sisi hatuporomoki.

"Mama," Mutindi akasema, "tumefika lami?"

Nilimshika mkono.

"Bado," nikamwambia. Sikutaka kumdanganya huyu. "Bado, mama yangu. Uliza tena."

Akauliza tena. Akauliza mpaka tukafika, nikawa nataka kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Tulipofika lami alikuwa bado anauliza.

Msichana. Amezaliwa kabla ya saa sita mchana. Mama na mtoto wazima.

Jumamosi, 23 Novemba

Niko hospitali. Nilimpigia Syokau simu kumwambia mashine yake imeokoa watu wawili. Alishangilia mpaka nikaondoa simu sikioni.

"Mlikuwa mnasumbuliwa nayo, nilisikia," akasema. "Niliomba sana. Nilijua maombi yataishinda."

Nikaanza kumwambia kuhusu breki. Hakunisikia, alikuwa na furaha.

"Hata sisi tuliiombea, mwaitu. Niliipaka mafuta ya upako mwenyewe, asubuhi ile ile kabla Muindi hajatoka. Kila gurudumu. Kwa hiyo ninajua haikuwa na kitu kibaya ndani. Ilikuwa tu siku yake. Hiyo ndiyo inanipa usingizi."

Nilisema "ndiyo." Nilisema nitampigia baadaye. Muuguzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Jumapili, 24 Novemba

Nilimpigia mchungaji kabla ya ibada nikamwomba anyamaze. Aseme pedi zilikuwa zimeisha. Nilimweleza habari ya Syokau yote.

Mchungaji akajibu, "Mama, Jumapili ijayo vijana wa boda wa mlima mzima wanaleta pikipiki zao zibarikiwe. Nikinyamaza, chupa itashikwa na mtu mwingine. Na wao wana wake pia."

Mimi, mtu wa kubishana, nikamwomba muda tu.

"Na kesho kutwa habari itakuwa imefika Kathonzweni," akaendelea. "Maneno hayana breki. Nitakupa wiki hii umwambie Syokau. Asisikie sokoni."

Jumatano, 27 Novemba

Sikurudi nyumbani leo. Naandika nikiwa Kathonzweni, kwa Syokau.

Alikuwa amechinja kuku. Alitaka kuona picha ya mtoto kwenye simu, akakibusu kioo. Nilikunywa chai yote, nikaomba nyingine, nikainywa. Halafu nikamwambia. Mkono wangu ulivyoteleza, harufu, bega la Musembi, jinsi mashine ilivyosimama hapa kwake siku tuliyokuja kuinunua na jinsi ilivyokataa baada ya kuombewa. Sikulitaja jina la Muindi hata mara moja.

Alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini, akakisogeza katikati ya meza kama mtu anayeogopa kitaanguka.

"Kwa magurudumu?" akauliza.

"Ndiyo. Kwa ndani."

Nje kulikuwa na mbuzi wanalia na watoto wake wanarudi kutoka shule. Aliwasikiliza mpaka wakaingia jikoni. Nilitaka kumwambia hakujua, hakuna anayejua, mimi mwenyewe nilielekeza kwa kidole. Nilisema hayo yote, na yalisikika madogo.

"Alinicheka asubuhi hiyo," akasema. "Akaniambia Syokau, inatosha, nachelewa. Nikamwambia ngoja, bado la nyuma. Nilimimina chupa yote, mwaitu. Nilitaka arudi."